Farasi aina ya kobu: mwongozo kamili wa kumtambua, kumchagua, kumlisha na kumfanyisha kazi

Kobu ni farasi mfupi, mpana, mwenye mifupa minene na tabia ya utulivu. Kwa vizazi vingi ndiye aliyefanya kazi za kila siku katika vijiji na miji ya Uingereza, Wales na Ireland. Daktari alimpanda kwenda kuwaona wagonjwa, muuza maziwa alimfunga garini kabla hakujapambazuka, na mkulima alimtumia shambani wiki nzima kisha Jumapili akaipeleka familia kanisani kwa farasi yuleyule. Motokaa zilimpokonya kazi hizo, lakini yeye akabaki, na leo ni mmoja wa farasi wanaopendwa sana na watu wazima wanaoanza kupanda, familia zenye watoto, na vituo vinavyowapandisha farasi watu wenye ulemavu.

Kama unaishi huko na unafikiria kumnunua, au umeajiriwa kwenye mazizi na umekabidhiwa wawili watatu, kuna jambo moja la kulishika kabla ya mengine yote. Mwili wa kobu uliumbika kwenye maisha ya kazi nyingi na chakula kidogo. Anaishi na kunenepa pale ambapo farasi wengine wangekonda. Uwezo huo ndio uliomfanya awe mali ya mtu wa kipato cha kawaida, na ndio unaomuua leo, anaposimama siku nzima kwenye malisho mazuri bila kazi. Kwa hiyo sehemu ya lishe katika mwongozo huu nimeirefusha makusudi.

Hatua ya kwanza: jua unayemtazama

Kobu ni umbo zaidi kuliko ukoo. Wengi wao hawana kitabu cha nasaba, na wazazi wao huenda walikuwa farasi mzito wa kukokota upande mmoja na farasi mdogo wa milimani upande mwingine. Unamtambua kwa macho na kwa utepe wa kupimia.

Mtazame ubavuni. Mgongo ni mfupi na kiuno kimejaa. Kifua kina kina kirefu, kiasi kwamba umbali kutoka juu ya mabega hadi chini ya kifua unakaribia urefu wa miguu yake ya mbele kutoka hapo hadi ardhini. Shingo ni nene na imepinda kidogo juu, kichwa ni cha wastani chenye macho makubwa, na makalio ni mapana yenye nguvu. Sasa chukua utepe, uzungushe kwenye mguu wa mbele chini kidogo ya goti. Hicho ndicho kipimo cha mifupa ambacho watu wa farasi hukitaja kila mara: kwa kobu mwepesi tarajia kama sentimita 21.5 au zaidi, na kwa mzito sentimita 23 na kuendelea.

Katika maonyesho ya Uingereza kobu wa kupandwa hatakiwi kuzidi sentimita 155 kwenye kilele cha mabega. Wamegawanywa kwa mzigo wanaoweza kuubeba: mwepesi ni yule wa kubeba hadi stoni 14, yaani kama kilo 89, na mzito ni wa kubeba zaidi ya hapo. Anayezidi kimo hicho huingizwa kwenye kundi lake la kobu wakubwa. Zamani walikatwa mikia pia, mfupa na yote, kwa sababu ya mtindo na kwa hofu kwamba mkia ungenasa kwenye hatamu. Sheria ya mwaka 1949 ilipiga marufuku ukatili huo Uingereza. Ufaransa iliendelea nao hadi mwaka 1996.

Zipo koo tatu zenye jina ambazo utakutana nazo mara nyingi.

Kobu wa Wales ana kitabu chake rasmi. Chama cha farasi wadogo na kobu wa Wales kilianzishwa mwaka 1901, na ndani ya kitabu hicho kobu wako katika sehemu mbili: Sehemu C kwa wasiozidi sentimita 137.2, na Sehemu D kwa wanaozidi hapo, bila kikomo cha juu. Huyu ni mwepesi wa miguu na ana moto ndani yake. Anapokwenda matiti, yaani mwendo wa kasi ya kati, baina ya kutembea na shoti (mbio), goti hupanda juu na mguu hutupwa mbele kwa nguvu inayovuta macho ya uwanja mzima. Nenda kwenye Maonyesho ya Kifalme ya Wales kule Llanelwedd mwezi wa Julai ujionee. Mara nyingi watu husikia neno kobu wakadhani kila mmoja ni mpole kama mto, wakanunua Sehemu D kwa ajili ya mtu asiyejua kupanda. Hapo ndipo mifupa ya watu huvunjika.

Wa pili ni kobu wa Waroma na Wasafiri, jamii za kuhamahama za Uingereza na Ireland, aliyechukua sura yake ya sasa zaidi baada ya Vita Kuu ya Pili. Ndiye yule mwenye mabaka meusi na meupe, singa ndefu za shingoni, na manyoya mengi yanayoanza gotini na kufunika kwato. Alitakiwa avute nyumba ya magurudumu barabarani siku nzima, asimame kimya pembeni ya gari zinazopita, na jioni afungwe kwenye nyasi za kando ya njia, watoto wakicheza miguuni pake. Mwenye hila hakubakizwa. Kila mwaka mwezi wa Juni wenye farasi hawa hukusanyika Appleby, kaskazini mwa Uingereza, wakawaosha katika mto Eden na kuwakimbiza barabarani mbele ya wanunuzi.

Wa tatu ni kobu wa Normandia, Ufaransa, mkubwa na mzito kuliko hao wawili, farasi wa kuvuta gari. Kwa muda mrefu makao yake makuu yalikuwa kituo cha uzalishaji cha Saint-Lô.

Hatua ya pili: linganisha uzito na kazi

Watu wazito huambiwa "wewe nunua kobu tu, atakubeba." Usikubali jibu hilo bila hesabu. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba farasi mwenye afya asibebe zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, tandiko likiwemo, na wengi huona asilimia 15 ni salama zaidi kwa farasi asiye na mazoezi.

Kama huna mizani ya farasi, pima hivi. Zungusha utepe kifuani nyuma ya viwiko na juu ya kilele cha mabega, usome anapomaliza kutoa pumzi. Kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya kalio. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha zidisha kwa urefu, zote kwa sentimita, halafu gawanya kwa 11,877. Tuseme mzunguko ni 190 na urefu ni 158. Utapata kilo 480. Asilimia 20 ya hapo ni kilo 96. Tandiko na lijamu vikichukua kilo 10, mpandaji asizidi 86.

Hesabu hiyo ina mtego: kobu aliyenenepa hana ruhusa ya kubeba zaidi. Kama kilo 60 kati ya hizo 480 ni mafuta, tayari ana abiria. Piga hesabu kwa uzito anaopaswa kuwa nao.

Kwa mtu mzima anayeanza, mimi ningetafuta kobu asiye na nasaba yoyote, wa miaka 8 hadi 15, aliyekwisha kupandwa na watu mbalimbali. Kwa mashindano ya magari ya farasi au mpandaji mwenye uzoefu, Sehemu D ya Wales. Kwa mtoto na mzazi wanaobadilishana, Sehemu C iliyotulia, au kobu wa Waroma mwenye kimo cha kama sentimita 140.

Hatua ya tatu: mkague kabla ya kulipa

Fika mapema kuliko muda mlioahidiana, uone kama tayari amechoshwa kwa mazoezi ili aonekane mpole. Omba mwenye farasi ampande kwanza, barabarani kwenye magari pia, ndipo upande wewe. Muone akitembea na kwenda matiti kwenye njia ngumu iliyonyooka. Sikiliza mdundo wa kwato, usikilize kama mmoja unagonga tofauti.

Kisha piga magoti umkague miguu. Kwa kobu mwenye manyoya hii ndiyo dakika muhimu kuliko zote, kwa sababu manyoya huficha kila kitu. Yapekue kwa vidole hadi kwenye ngozi, nyuma ya mguu juu tu ya kwato. Ngozi safi ni laini na kavu. Ukikuta magamba, unyevunyevu unaonuka, au farasi akirusha mguu mara tu unapomgusa, pengine ana utitiri au maambukizi ya ngozi yaletwayo na matope. Ukikuta mikunjo minene isiyobonyea na vinundu vigumu vinavyozunguka mguu, simama hapo. Huo huenda ni ugonjwa wa mishipa ya limfu unaowapata farasi wenye manyoya mengi miguuni. Huzidi kadiri miaka inavyokwenda na hauna tiba. Unapunguzwa makali tu.

Tazama pia kwato zenyewe. Pete zinazozunguka ukuta wa kwato, zilizo pana upande wa kisigino na zimebanana mbele, ni kumbukumbu ya uvimbe wa ndani ya kwato (laminaitisi, ninayoieleza katika hatua ya nne) uliokwisha kutokea. Daktari wa mifugo unayemlipa wewe, asiyemtibu farasi wa muuzaji, amkague na achukue damu ili ijulikane kama amepewa dawa ya kutuliza maumivu au akili. Na hakikisha pasipoti ya farasi na namba ya chipu iliyo chini ya ngozi yake vinalingana. Uingereza vyote viwili ni lazima kisheria.

Hatua ya nne: mlishe kwa mizani, usimlishe kwa huruma

Kobu atakuangalia kila ukipita kana kwamba hajala tangu juzi. Usimsikilize.

Chakula chake ni nyasi kavu. Kiasi cha kuanzia ni asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wa mwili kwa siku, kikihesabiwa bila maji yaliyomo. Kwa yule wetu wa kilo 480 akiwa na kazi nyepesi, asilimia 1.5 ni kilo 7.2, na kwa kuwa nyasi kavu bado zina unyevu kidogo, utampimia kama kilo 8.3. Pima kwa mizani ya kuning'iniza, maana nyavu mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kupishana kilo tatu. Gawa mara tatu au nne, na tumia nyavu zenye matundu madogo ili ale polepole. Tumbo la farasi halikuumbwa kukaa tupu. Nafaka haihitaji, isipokuwa afanye kazi nzito kwelikweli. Mpe mchanganyiko wa madini na protini usio na sukari, jiwe la chumvi, na maji masafi muda wote.

Kila wiki mguse mbavu. Fungua kiganja chako, upitishe vidole vya mkono mwingine juu ya mgongo wa kiganja hicho: mifupa unaihisi chini ya ngozi lakini haijitokezi. Mbavu za kobu zinatakiwa zihisike hivyo. Ukilazimika kubonyeza, amenenepa. Gusa pia ukingo wa juu wa shingo. Ukiwa mgumu na hauyumbi ukiusukuma, mafuta yameganda hapo, na hiyo ni ishara ya hatari kuliko tumbo kubwa.

Hatari yenyewe inaitwa laminaitisi. Sukari ya nyasi ikizidi katika mwili ulionenepa, homoni ya insulini hupanda, na tishu zinazoushikilia mfupa ndani ya kwato huvimba na kudhoofika. Zikiachia, mfupa huzunguka au kushuka ndani ya kwato, na farasi wengi hulazimika kuuawa ili wasiendelee kuteseka. Majira mabaya ni masika ya Ulaya nyasi zinapochipua, na vuli baada ya mvua. Asubuhi ya baridi kali yenye jua nayo ni mbaya, kwa sababu nyasi hutengeneza sukari mchana lakini haikui, hivyo sukari hubaki kwenye majani. Kobu mnene asitolewe malishoni asubuhi kama hiyo.

Mpunguzie malisho kwa uzio wa umeme unaosogezwa kidogo kila siku, au kwa kikapu cha mdomoni ambacho kinamruhusu kunywa na kula kidogo, lakini asivae mchana na usiku. Loweka nyasi kavu kwa saa kadhaa kabla ya kumpa, kisha maji hayo yamwage mbali, yamejaa sukari. Siku za joto loweka kwa muda mfupi, la sivyo nyasi huchacha. Wakati wa baridi usiwahi kumvisha blanketi kama ana manyoya yake na mahali pa kujikinga na upepo. Kutumia mafuta kujipasha joto ndiyo njia ya asili ya kupungua kabla ya masika.

Kupunguza si kufunga. Farasi mnene akinyimwa chakula ghafla, mafuta humwagika kwenye damu na kuharibu ini, na anaweza kufa. Punda naye yuko hivyohivyo, kwa hiyo jamaa zetu wa Lamu wanaofuga wapo kwenye tahadhari hiyo pia. Usishuke chini ya asilimia 1.5 bila daktari.

Jifunze kupapasa mshipa wa mguu farasi akiwa mzima. Weka vidole viwili kando ya mguu, nyuma ya kifundo kilicho juu ya kwato, ubonyeze taratibu. Kwa farasi mzima utahangaika kuupata. Ukiukuta unadunda kwa nguvu, kwato ni za moto, na farasi anasimama akiegemea nyuma au anakataa kugeuka, mpigie daktari saa hiyohiyo. Mtoe malishoni, mwekee vumbi la mbao zito chini, na usimlazimishe kutembea.

Hatua ya tano: miguu na ngozi

Manyoya ya miguu usiyaoshe kila siku. Unyevu ukikaa humo ndio ugonjwa wenyewe. Acha tope likauke, kisha liswaki. Ukiosha, kausha hadi kwenye ngozi. Akipiga chini miguu usiku au kujing'ata juu ya kwato, huenda ni utitiri, na dawa hazifiki kwenye ngozi kama manyoya hayajanyolewa. Wengi huogopa kuyanyoa kwa sababu ya uzuri. Nyoa. Yataota tena.

Fundi wa kwato aje kila baada ya wiki 6 hadi 8, meno yakaguliwe angalau mara moja kwa mwaka, chanjo ya pepopunda na mafua ya farasi isipite muda, na kinyesi kipimwe minyoo kabla ya kumpa dawa.

Visubi, vijidudu vidogo kuliko mbu, huwasumbua kobu wengi kiangazi hata wakajikuna singa zote za shingo na mkia. Huko Ulaya hilo ni adha ya ngozi. Kwa msomaji wa Kenya au Tanzania anayetamani kufuga, visubi wa jamii hiyo hueneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao hauna tiba na huua haraka. Chanjo ipo, zungumza na daktari wa mifugo kabla farasi hajafika, na awe ndani ya zizi kabla ya machweo hadi jua litoke.

Hatua ya sita: kazini

Mgongo mpana na mabega ya mviringo hufanya tandiko lizunguke. Usitatue hilo kwa kukaza mkanda wa tumboni. Mwite fundi wa matandiko apime, arudi tena farasi akipungua. Mazoezi yaanze kwa kutembea, nusu saa barabarani na vilimani, wiki kadhaa, ndipo matiti, na mwisho shoti. Kobu hutokwa jasho sana kwa sababu ya manyoya mazito, hivyo akifanya kazi wakati wa baridi mnyoe shingo na kifua.

Lakini kazi aliyoumbwa nayo ni gari. Kumfundisha huchukua miezi na huhitaji watu wawili kila mara. Anza kwa kumwongoza kwa hatamu ndefu ukitembea nyuma yake, hadi asimame kwa sauti tu. Kisha avute tairi, azoee kelele na uzito nyuma yake pande zote mbili. Gari lenyewe lije mwisho, nawe ulisogeze kwa farasi badala ya kumrudisha farasi kinyumenyume. Mtu mmoja asimame kichwani. Funga kwanza mikanda ya kuvutia, ndipo mkanda wa makalio unaozuia gari lisimgonge akiteremka. Wakati wa kufungua geuza mpangilio: wa makalio kwanza, wa kuvutia mwisho.

Na kofia ya hatamu, yenye lijamu na vizuizi vya macho, isitoke kichwani mwake kwa sababu yoyote ile akiwa bado amefungwa garini. Hata akiwa mzee na mpole, hata kwa sekunde moja ya kurekebisha kamba. Farasi anayeona gari nyuma yake ghafla, bila lijamu mdomoni, hukimbia, na gari humfuata. Mfungue kabisa, gari lisogezwe mbali, ndipo umvue.